Fotokopi ya dada pale Mbuyuni, Moshi: kama umemaliza chuo unatafuta kazi pitia hapa kwanza

Aisee naandika hii kwa ajili ya wote waliomaliza chuo wakarudi nyumbani, uwe upo Moshi mjini au upo juu huko Kibosho, Machame, Marangu, Rombo unasubiria. Kuna steshenari moja ndogo sana, ukitoka stendi kuu unashuka kama unaenda soko la Mbuyuni, haina bango lolote ni makaratasi tu yamebandikwa kwenye kioo, FOTOKOPI, AJIRA, MKOPO WA CHUO, TIN, NIDA, KADI ZA MICHANGO. Watu wa pale wanaita kwa dada wa fotokopi, muulize bodaboda yeyote kijiweni atakupeleka mpaka mlangoni. Naipa nyota tano kwa kazi na nyota tatu kwa mahali pa kukaa, na yote mawili nitaeleza.

Steshenari Moshi zipo nyingi mno. Ukienda karibu na Ushirika, ukienda karibu na chuo cha Mwenge, ukipanda kule hospitali ya KCMC, milango inafuatana ni printa tupu, na bei hazipishani sana. Kwaiyo mtu akikuambia steshenari fulani ni nzuri unajiuliza fotokopi nayo ina uzuri gani, si karatasi ni karatasi. Uzuri wa huyu dada ni kwamba anasoma. Unampa vyeti vyako anavisoma kabla hajaviweka kwenye mashine, na hicho ndo kitu ambacho mimi sijakiona sehemu nyingine hapa mjini.

Yeye mwenyewe ni msomi. Alimaliza pale Ushirika, yani Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wazee bado wanakiita Chuo cha Ushirika tu maana kipo toka 1963, kuwa chuo kikuu kamili ni 2014 hiyo. Alisoma mambo ya biashara, akaomba kazi weee mpaka akajua matangazo yote yanaandikwaje, alafu akaanza na printa moja aliyonunua kwa hela ya kikoba cha mama yake. Nafikiri ndo mana anajua mtu anayeingia pale na bahasha ya kaki ana hali gani, hakuharakishi na hakusemeshi kama unamsumbua.

Ukisema unataka kuomba kazi serikalini kwenye Ajira Portal hakimbilii kompyuta. Anakuambia mdogo wangu toa orijino zote weka hapa mezani. Anazipanga, cha kuzaliwa, cha form four, cha form six, cha chuo na transkripti yake, na kitambulisho cha NIDA anakiweka juu. Alafu anaanza na jina, herufi kwa herufi. Kwetu huku Kilimanjaro hii shida ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, mtu shuleni aliandikishwa kwa jina la babu, kanisani ana jina la ubatizo ambalo halipo kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA alivyoenda akaandikisha jina la ukoo, na lenyewe huku limeandikwa kwa y na kule kwa i. Unakaa na hivyo vyeti miaka yote kwenye sanduku la mama hujui kama vinagombana mpaka siku umeitwa kwenye usaili umepanda basi mpaka Dodoma ndo unaambiwa majina yako hayafanani, pisha wengine.

Kuna jamaa tulikuwa tumekaa nae benchi moja, akaitwa ndani, akaambiwa, "Kaka hapa kwenye hizi karatasi wewe ni watu wawili. Nenda kwa wakili kwanza akuelekeze habari ya dipoli." Jamaa akataka kupandisha maana tangazo lilikuwa linafungwa wiki ile ile na yeye alikuja na hela yake kamili ya kuombewa. Dada hakupandisha na yeye, akamwonyesha kwa kalamu, hapa na hapa, akamwambia hela yako nisingeikataa ila nikiichukua leo wewe ndo utaumia. Akaondoka. Ile kazi ina hatua zake maana dipoli, yani hati ya kisheria ya kubadili jina, inatakiwa isajiliwe, kwaiyo lile tangazo lilimpita kweli, ila lililofuata aliingia karatasi zake zikiwa na mtu mmoja tu ndani.

Kingine anachokamata ni viambatanisho. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yameandika wazi kabisa, matokeo ya muda hayakubaliwi, testimoniali haikubaliwi, hati za matokeo za form four na form six hazikubaliwi, wanataka cheti chenyewe. Lakini nani anasoma tangazo mpaka chini jamani, watu wanaangalia cheo, mshahara na tarehe ya mwisho basi. Mwenzetu mmoja aliombewa kwenye steshenari nyingine hapa mjini, yule kijana akampakia karatasi ya matokeo mahali pa cheti na akamwambia tayari imeenda, na kweli ilienda, akakaa anasubiri kuitwa mpaka majina yanatoka hayumo na hajui kwa nini. Alivyokuja kwa dada wakafungua akaunti pamoja ndo wakaona. Alilia pale pale. Ile nafasi ilikuwa ya fani yake kabisa na hazitangazwi kila siku.

Na barua. Barua inaelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na lazima iwe na saini yako. Hii saini ndo wengi inawatoa, mtu anachapiwa barua safi inapakiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta haina saini. Dada anaiprinti, anakupa peni, unasaini mbele yake, ndo anaiskani anaipakia. Anakuuliza na umri maana nafasi nyingi zinasema usizidi miaka 45, na kama unadai una uzoefu anakuuliza barua ya mwajiri iko wapi.

Alafu nywila. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Steshenari nyingi zinakufungulia imeli kwenye kompyuta yao, zinaweka nywila yao na namba yao ya simu, wewe unaondoka na risiti tu. Siku unaitwa kwenye usaili ujumbe unaingia kwa mtu mwingine, au ukitaka kuomba kazi nyingine lazima urudi kwa yule yule, na kama kahama ndo basi tena. Huyu dada anakuambia toa simu yako, fungua imeli yako, chagua nywila mwenyewe uiandike kwenye daftari lako, na wakati unaiandika yeye anageukia pembeni. Akimaliza anakufundisha kuingia mwenyewe kwa simu. Nilimuuliza dada sasa ukitufundisha si hatutarudi, akasema mtarudi tu kwa mambo mengine. Na kweli watu wanarudi, hata mimi nipo pale kila nikishuka mjini.

CV ndo anapotumia muda mrefu. Watu tunaenda na CV ya kurasa tano, nusu yake ni shule ya msingi na mambo unayopenda, kusoma vitabu, kuangalia mpira, kubadilishana mawazo. Anafuta. Anakuuliza, filidi ulifanyia wapi na ulifanya nini kwa mikono yako, sio ulijifunza nini, ulifanya nini. Mimi nilisoma uhasibu na CV yangu ilikuwa imeandikwa nilifanya filidi kwenye SACCOS fulani basi, mstari mmoja. Akaniuliza maswali mpaka ikatoka kwamba nililinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki miezi yote ya filidi, kwamba niliandaa leja za wanachama, kwamba mkaguzi alivyokuja mimi ndo nilimtolea hati za malipo. Vyote akavipandisha juu. Kurasa mbili. Alafu akapiga simu za wadhamini wangu watatu hapo hapo, mmoja namba yake ilikuwa haipo tena, akaniambia tafuta mwingine anayepokea simu. Mtu wa fotokopi anakupigia wadhamini jamani, nani mwingine anafanya hivo?

Bei sio siri, zimeandikwa ukutani. Fotokopi 100, kuprinti nyeusi 300, rangi 500, kuskani 500 kwa ukurasa, kukuombea Ajira Portal mwanzo mwisho 5,000, CV 10,000. Hiyo elfu kumi kwa mtu ambaye hana kazi ni kubwa na nilimwambia. Ana daftari la madeni, ukiwa huna unalipa nusu. Wakili sio wake, unaenda kwa wa kwako kugongesha muhuri kwenye nakala, ila anakuelekeza walipo na anakuambia ulize bei kabla hujatoa vyeti.

Na kwenye kioo kuna karatasi kubwa kuliko zote, AJIRA HAIUZWI. Kila siku kuna mtu anakuja na meseji ya kwamba atume hela kwenye namba fulani jina lake lipitishwe. Kuomba kazi kule ni bure. Anayekuomba hela ni mwizi, hata kama anajua jina lako kamili na kozi uliyosoma, maana hayo yanapatikana kirahisi tu. Mzee mmoja alikuja pale kabisa na namba ya simu anataka asaidiwe kutuma laki tatu kwa ajili ya binti yake, dada akamshikilia kwa maneno mpaka binti mwenyewe akapigiwa simu akaja, ile hela ikarudi nyumbani. Kwa hili peke yake ningempa nyota zote.

Sasa kitu ambacho hakijaandikwa kwenye kioo ni lile benchi la nje. Foleni inakuwepo kwaiyo unakaa, na anayekaa pembeni yako mara nyingi umesoma nae au amesoma na mtu unayemjua. Habari za darasa letu nimezipatia pale kuliko kwenye kundi la WhatsApp, maana kule mtu anaweka picha nzuri tu ila benchini anakuambia ilivyo.

Kuna jamaa wa Mwenge, alisoma ualimu wa kemia na baiolojia. Alifundisha tempo shule moja binafsi upande wa Himo kwa hela ambayo ni nauli na chakula, hakuna mkataba. Sikuhizi na walimu nao wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, sio kama zamani unapangiwa tu, akaitwa, akafaulu, lakini nafasi zikawa zimejaa akawekwa kanzidata, yani orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Kama hujawahi kuwa kanzidata huwezi kuelewa. Umefaulu, kila mtu nyumbani anajua umefaulu, mama ameshawaambia wa jumuiya, alafu asubuhi unaamka unaenda kule kule kwenye tempo. Alikuwa anapita kwa dada kila tangazo la kuitwa kazini likitoka anafunguliwa ile PDF wanatafuta jina lake. Siku lilipotoka dada alipiga kelele mpaka wauza nguo wa jirani wakaja kuangalia nani kafa. Kapangiwa Katavi. Mbali kweli kweli, mama yake alilia kwa furaha alafu akalia kwa umbali. Desemba alirudi kula sikukuu, nikamkuta pale amekuja kuprinti taarifa ya deni lake la bodi ya mikopo, wanamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na alitaka kuona linapunguaje. Dada alimpigia hesabu na ya miaka inayobaki. Na akamweleza kwamba ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwaiyo asitishwe na hadithi za kaka zetu waliomaliza zamani waliokuwa wanaona deni linaongezeka badala ya kupungua. Anasema Mpanda ni pazuri, kodi ya nyumba nafuu, watoto wanamheshimu, ila maabara ina chupa chache na titresheni wanafanya kwa zamu. Amekonda kidogo lakini ametulia. Nilifurahi sana kumuona.

Mwingine alisoma Mweka, chuo cha wanyamapori kule juu karibu na geti ambalo wageni wanashukia mlima. Huyu alianza kama mgumu, anabeba mizigo ya wageni na digrii yake ipo nyumbani, watu wa kijijini kwao wakasema sana. Hakusikiliza. Sahivi anaongoza wageni mpaka kileleni, mita 5,895, na anaongea Kijerumani cha kujitosheleza alichojifunza njiani. Aprili na Mei mvua zikichachamaa wageni wanapungua, ndo unamuona benchini anaongeza mistari kwenye CV, bado anataka kuingia TANAPA na naamini ataingia maana uzoefu aliokuwa nao hakuna darasa linalokupa.

Aliyetangulia kupata kazi kati yetu wote ni dada mmoja aliyesoma mambo ya maikrofainansi pale pale Ushirika. Ofisa mikopo kwenye kampuni moja hivi. Tulimuonea wivu, sketi safi, pikipiki ya kampuni. Kumbe ni ile mikopo watu wanaita kausha damu, na kazi yake ikawa kwenda asubuhi kwa wamama wa Pasua na Njoro kubeba majiko na magodoro yao. Siku alipotumwa kwa mama aliyekuwa anamuuzia maandazi akiwa mwanafunzi akarudisha funguo za pikipiki. Nyumbani kwao walikaa muda mrefu hawaongei nae vizuri, unaachaje kazi wakati wenzako hawana. Mimi nasema alifanya sawa kabisa na ningependa wazazi wasome hii. Sahivi yupo Siha anaotesha miche ya parachichi aina ya Hass na wenzake, kikundi cha vijana, dada wa fotokopi ndo aliwaandikia katiba ya kikundi na andiko la kuombea ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambazo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za wenye ulemavu. Waliupata baada ya kurudishwa mara kadhaa kurekebisha makaratasi. Juzi amekuja kutengenezewa lebo za kubandika kwenye miche.

Wengine nitapita haraka. Kuna nesi yupo hospitali ya misheni Singida, kuna mtu wa maabara yupo Arusha anasema kodi imemshinda atahamia Usa River, kuna aliyenunua bajaji na hajuti, kuna aliyeingia kwenye kukandarasi vitu vidogo vidogo anasaidiwa pale kuingia NeST, ule mfumo wa manunuzi ya serikali, kuomba zabuni za shule, vitabu, chaki, matengenezo ya madawati. Kuna ambaye hataki kuulizwa na mnajua tu msimuulize.

Na sio kazi peke yake. Yule yule aliyeprintiwa CV unamkuta amekuja kuprintiwa kadi za mchango wa harusi, na dada anachukua ya kwake anachangia. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba akiwa ndo kwanza amepata mkataba Dar, akarudi kuzika na hakuondoka tena maana wadogo zake walikuwa bado shule. Ratiba ya mazishi ilichapwa pale, dada hakuchukua hata shilingi. Huyu kaka sahivi analima nyanya Kahe kwa umwagiliaji na anasomesha wadogo watatu. Wakati tunamaliza chuo ndo alikuwa na GPA kubwa kuliko sisi wote, na kila nikimuona naona bado anatuzidi.

Mimi niko AMCOS huku juu, naandika hesabu za chama cha msingi cha kahawa. Nafasi niliiona kwenye kile kioo, kipande cha karatasi kilicholetwa na mwenyekiti wa chama, wanatafuta mhasibu kijana anayejua kompyuta maana vyama vya ushirika sahivi taarifa zinaingizwa kwenye mfumo wa MUVU na wazee walikuwa wanahangaika. Haikutangazwa sehemu nyingine yoyote. Mshahara sio mkubwa ila unaingia, na msimu wa kukusanya kahawa napenda kazi yangu, mkulima anakuja na gunia lake napima naandika, baadae mnadani kahawa ikiuzwa naweza kumwonyesha kila shilingi ilivyokatwa na kwa nini. Wazee wanakuja wananiambia mangi hebu nisomee hii tena, nawasomea tena. Hiyo tabia ya kusoma kabla ya kuandika nimeiona kwa nani kama sio pale.

Kilichonifanya niandike leo ni mama mmoja wa Kibosho. Alikuja na mfuko una vyeti vya kijana wake, kijana mwenyewe yupo nyumbani hatoki, amekata tamaa. Akasalimiwa shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, akakaa, akatoa karatasi akasema, "Nisomee hapa wanasemaje, huyu tumeuza ng'ombe akasoma, anasema amefaulu ila hana kazi, mimi sielewi kufaulu gani huko." Dada akafunga mlango nusu ili watu wasisikie, akamsomea. Akamweleza kanzidata ni nini kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba mwanao hajakudanganya mama, alifaulu kweli, nafasi zilikuwa chache kuliko waliofaulu na jina lake limehifadhiwa, akitafutwa ataitwa. Mama alinyamaza, akauliza tena, yani sio mzembe? Akajibiwa sio mzembe mama. Akamwambia amlete kijana mwenyewe Jumatano, wasikae wanasubiri kanzidata peke yake, kuna shule na viwanda vya watu binafsi vinapokea barua kwa mkono. Kijana alikuja kweli, nilimkuta, kimya sana, na wamepeleka barua sehemu nne. Hajajibiwa bado.

Mabaya sasa. Benchi liko juani, kuanzia saa sita hakuna kivuli na ukiwa na vyeti mkononi vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye bahasha, anatakiwa aweke turubai. Choo hakuna, unaenda kuomba kwenye mgahawa wa jirani. Foleni siku ya mwisho ya tangazo haifai kabisa, mtandao unalemewa na watu wanapaniki, hata yeye anachoka anakuwa mkali, na ule ukweli anaokuambia anausema kwa sauti na nje wanasikia, kuna watu wamejisikia vibaya na wana haki. Kama alivyofunga mlango kwa yule mama basi afanye hivo kwa wote. Umeme ukikatika ana inverta inasukuma kompyuta lakini printa kubwa haiwezi, kwaiyo nakala nyingi utasubiri. Na yuko peke yake. Akiugua siku moja panafungwa, nimemwambia achukue msaidizi, kuna vijana wangapi wa Ushirika wanatafuta filidi hapo hapo mjini.

Ukienda: anafungua saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumapili hayupo yuko kanisani. Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Usiende wiki ya Krismasi, mji mzima umerudi nyumbani na kila mtu anataka kitu kiprintiwe. Beba orijino zote hata ile unayoona haihusiki, namba ya NIDA, simu yenye chaji na bando, majina ya wadhamini watatu ambao umeshawaambia, na daftari la kuandika nywila yako.